Uzi maalumu: Leteni hapa maswali ya Historia na Maarifa ya Jamii ya watoto (Bagamoyo, Tanga na jirani)

MwalimuDunda

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nikisoma maswali ya kazi za nyumbani yanayotupiwa humu, hasa usiku, wakati mtoto ameshalala na daftari linatakiwa asubuhi. Majibu mengi ni ya mkato: hoja tano, kila hoja maneno mawili matatu, mzazi anashukuru, mtoto ananakili. Mimi nimefundisha Historia hapa Bagamoyo, na sasa nina tuisheni ya jioni mtaani Dunda, kwa hiyo madaftari ya namna hiyo yananifikia. Muulize mtoto "kwa nini?" juu ya hoja aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, atakutazama tu. Hilo linaniuma, kwa sababu watoto hawa wanapita kila siku mbele ya majengo ambayo ndiyo jibu lenyewe.

Basi nimefungua uzi huu. Leteni swali kama lilivyoandikwa, bila kulifupisha, na mtaje darasa. Kisha leteni na alichokwisha kuandika mtoto, hata kama ni mstari mmoja. Nitajibu kwa urefu pale swali linapodai urefu. Walimu wenzangu wa Tanga, Muheza na Pangani mliomo humu, karibuni tusaidiane.

MamaWawili

Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita, tunakaa Nianjema. Swali: "Eleza sababu tano zilizochangia kukua kwa mji wa Bagamoyo katika karne ya 19." Ameandika: 1. Biashara ya utumwa. 2. Bandari. 3. Waarabu. 4. Wamisionari. 5. Wajerumani. Daftari linakusanywa kesho asubuhi. Naomba msaada wako.

MwalimuDunda

Marahaba mama. Binti hajapotea, maana vyote vitano alivyovitaja vilikuwepo. Tatizo ni kwamba swali limesema "eleza", naye ametaja. Waarabu walikuwepo Kilwa, Pangani na Lindi pia. Sasa kwa nini Bagamoyo?

Tuanzie Unguja. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, mwaka 1840 kama vitabu vya shule vinavyoandika, kisiwa kile kikawa soko kuu la pwani yote. Bagamoyo inatazamana nacho, na bahari iliyo katikati ni kama kilomita 40 tu. Jahazi likipata upepo mzuri halilali njiani. Pwani yetu ina maji mafupi, lakini jahazi halihitaji maji marefu: maji yakitoka linakaa juu ya mchanga, watu wanashusha mizigo kwa miguu. Hiyo ndiyo maana ya "bandari" aliyoiandika binti. Mwambie aandike hivyo: ukaribu na soko la Unguja, na ufukwe uliofaa majahazi.

Ya pili ni pembe za ndovu, na hapa ndipo watoto wengi wanapoteleza. Karne ile Ulaya na Marekani walizitaka pembe kwa vibao vya piano na mipira ya biliadi, India walizitaka kwa bangili. Tembo wa karibu na pwani walipopungua, wafanyabiashara wakaingia bara zaidi, wakafika Tabora, Ujiji, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ya kati ilikuwa na mlango wake baharini, na mlango huo ulikuwa Bagamoyo.

Ya tatu ni wapagazi, na hii naipenda kuliko zote. Pembe haziji zenyewe. Zilibebwa mabegani, hasa na Wanyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na kutoka Ujiji mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, miezi mitatu na mara nyingi zaidi. Mtu aliyefika baada ya mwendo huo hakugeuza siku ya pili. Alikaa wiki kadhaa akingoja mzigo wa kurudi nao: anakula, analala, ananunua nguo. Maelfu ya watu wa namna hiyo kila msimu wanaufanya mji ukue, kwa sababu lazima awepo wa kuwapikia, wa kuwauzia na wa kuwapangisha. Mpeleke binti pale Karavanserai, nyumba ya zamani ya kupokelea misafara. Aangalie ukubwa wa ule uwanja kisha ajiulize ulikuwa wa nini.

Nne, mitaji ya wafanyabiashara wa Kihindi. Msafara ulihitaji bidhaa za kwenda nazo bara: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Mwenye kuzitoa, mara nyingi kwa mkopo, alikuwa mtu kama Sewa Haji. Ukienda Muhimbili ukaambiwa mgonjwa wako yuko Sewahaji, jina ni lake huyo.

Tano, utumwa. Misafara ilileta watumwa pia, wengine wakavushwa Unguja, wengine wakabaki kwenye mashamba ya hapa pwani. Aandike, tena aandike bila kupunguza ukali wake. Lakini bandari kuu ya watumwa kwenye mwambao huu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo iliishi zaidi kwa pembe, na ndiyo maana sipendi utumwa uwe hoja ya kwanza na ya pekee.

Wamisionari na Wajerumani awatoe kabisa kwenye orodha. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, Kampuni ya Wajerumani mwaka 1888. Wote waliukuta mji mkubwa, na walikuja kwa sababu ulikuwa mkubwa. Hayo ni matokeo ya kukua kwake.

Mama, usimwandikie. Msomee haya, kisha afunge simu aandike kwa maneno yake, sentensi mbili mbili kwa kila hoja.

Mkweli255

Mwalimu, heshima kwako, lakini tuambiane ukweli. Kijana wangu aliandika "biashara ya pembe za ndovu" akapigwa kosa, kwa sababu ubaoni palikuwa pameandikwa utumwa. Mtahini ana mwongozo wake wa kusahihishia. Mtoto akileta yale ya Karavanserai na vibao vya piano atakosa alama, halafu wewe utakuwa umemsaidia nini? Sisi wazazi tunataka afaulu kwanza.

MwalimuDunda

Mkuu, alama sizidharau. Mtoto anayekosa alama anakosa nafasi, na nafasi haisubiri.

Ila huhitaji kuchagua kimoja. Hoja za ubaoni ziandikwe, kwa mpangilio ule ule wa ubaoni, halafu kila hoja ifuatwe na "kwa sababu". Mtahini anayetafuta neno "utumwa" atalikuta. Pembe na watumwa walikuja kwa msafara mmoja, kwa hiyo "biashara ya pembe za ndovu na watumwa" ni hoja moja halali ambayo ni vigumu kuikata. Na swali likibadilishwa sura, mathalani "Kwa nini Bagamoyo ilififia baada ya mwaka 1891?", aliyekariri orodha hana pa kushika. Aliyeelewa ataandika: makao ya serikali ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa sababu bandari ya kule ina kina cha kupokea meli kubwa. Kisha mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutokea Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa unabebwa na watu mia ukapakiwa kwenye behewa, na njia ya misafara haikuwa tena na kazi. Mji uliokuzwa na jahazi na mpagazi ulipungua vilipokuja meli na reli. Jibu la kukua na jibu la kufifia ni jibu lile lile.

Kuhusu kosa lile la kijana wako: nenda na daftari, mkiwa wawili wewe na yeye, ufungue na ukurasa wa kitabu cha kiada. Nenda kwa adabu, darasa likiwa halina kipindi. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya darasa zima kwa usiku mmoja anapitiwa, na akioneshwa kitabu hana sababu ya kukataa.

KijanaWaKaole

Shikamoo mwalimu. Mimi mwenyewe ndiye mwanafunzi, kidato cha pili. Swali la kuchagua: Dkt. David Livingstone alifariki (A) Ujiji (B) Bagamoyo (C) Chitambo (D) Unguja. Nimechagua B kwa sababu pale misheni kuna mnara wa Livingstone na tuliambiwa maiti yake ililazwa pale. Mwenzangu anasema A kwa sababu Stanley alimkuta Ujiji.

MwalimuDunda

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kueleza sababu ya kuchagua, maana sasa naona ulipojikwaa. Jibu ni C.

Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Ujiji ni mahali Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta mwaka 1871, baada ya kuanza safari yake hapa hapa Bagamoyo mwaka huo huo. Walikaa pamoja miezi kadhaa, Stanley akarudi pwani, mzee akaendelea na safari zake kusini mpaka mwisho.

Sasa maiti ilifikaje hapa? Kisa hiki hakimo kwenye swali lako, lakini ukikijua hutachanganya tena A, B na C.

Wale waliokuwa naye, Chuma, Susi na wenzao, walikata shauri wenyewe kwamba mwili urudishwe kwao. Hakuna Mzungu aliyewaamuru, maana hapakuwa na Mzungu karibu. Walizika moyo na viungo vya ndani chini ya mti pale Chitambo, na Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma shule ya wamisionari India, akasoma sala ya maziko. Kazi ya kuupasua mwili na kuuhifadhi aliifanya Farijala, ambaye alikuwa amemtumikia daktari mmoja Unguja na aliwahi kuona inavyofanywa. Wakaupaka chumvi, wakauanika juani siku nyingi, wakauviringisha ndani ya gome la mti na turubai. Kisha wakaanza kutembea. Ni zaidi ya kilomita 1,500, na iliwachukua takribani miezi tisa. Njiani baada ya Tabora watu wakakataa maiti isipite kwenye nchi yao. Wakafanya hila: wakajifanya wameurudisha mwili ukazikwe, kumbe wameufunga upya uonekane kama robota la nguo, wakapita nao.

Waliingia Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalazwa misheni, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa London, ambako ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alifika akashiriki mazishi. Chuma na Susi, walioubeba mzigo ule kutoka mwanzo, walifika Uingereza mazishi yameshapita.

Kwa hiyo mnara ni kumbukumbu ya maiti kupita. Ukiulizwa swali la kueleza, usiishie kwenye jina la Livingstone. Andika Chuma, andika Susi, andika Wainwright na Farijala. Yule mpishi wao, Halima, naye alikuwemo. Majina yao yamehifadhiwa, ni haki yako kuyatumia.

BintNgamiani

Habari zenu. Natokea Tanga, na mimi pia ni mwalimu. Pale uliposema sababu na matokeo, kaka mwalimu, umenikumbusha swali linalonisumbua darasani: "Kwa nini Wajerumani walijenga reli ya Tanga?" Nusu ya darasa huandika "ili kuleta maendeleo kwa Waafrika".

Mimi nawaambia watoto wafungue ramani, waifuate reli kwa kidole waone inapita wapi na inaelekea wapi. Ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na ikaingia Moshi mnamo 1911. Inapita kwenye mashamba ya walowezi chini ya milima ya Usambara, inaishia chini ya Kilimanjaro, na ncha ya pili iko bandarini. Vijiji vyenye watu wengi lakini visivyo na mazao ya kuuza Ulaya haikuvifuata. Mtoto akishaliona hilo kwenye ramani, anaiandika mwenyewe hoja ya "kusafirisha malighafi".

Mwaka huo huo 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge. Miche iliagizwa kutoka Florida, 1,000, na iliyofika hai ikapandwa ni 62. Kutoka miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Watoto wa hapa wanaukumbuka mkonge kama jambo zuri, na lilikuwa na uzuri wake, lakini swali likiwa la kazi na wafanyakazi lazima waandike manamba. Watu waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, Songea, Kigoma, hata Rwanda na Burundi, wakakaa makambini kwa ujira mdogo. Ndiyo sababu ukiingia leo kwenye vijiji vya mashamba ya mkonge, Muheza au Korogwe, unakuta koo za makabila ambayo kwao ni mbali sana. Mtoto akiulizwa "athari za kijamii za kilimo cha mashamba makubwa", aanzie kwa majirani zake.

MwalimuDunda

Dada, hili la kidole kwenye ramani nalichukua. Asante sana.

BabuPangani

Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza, anasoma Historia ya Tanzania na Maadili. Swali: "Eleza sababu za upinzani wa Abushiri na kwa nini ulishindwa." Kaandika kwamba Abushiri alikuwa Mwarabu aliyetaka kulinda biashara yake ya utumwa. Nimemwambia avute subira. Abushiri alinyongwa Pangani, na siyo haya niliyoyasikia kwa wazee. Lakini mimi si mwalimu, sina miaka wala majina ya kumpa. Mwalimu, msaidie.

MwalimuDunda

Shikamoo babu. Umemzuia mahali hasa panapofaa.

Alichokiandika mjukuu kinafanana sana na maelezo ya Wajerumani wenyewe. Wao walihitaji sababu ya kuleta jeshi, na "tunakwenda kukomesha utumwa" ilipokewa vizuri Ulaya. Ni kweli Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa na asili ya Kiarabu, alikuwa na mashamba ya miwa Pangani, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Hilo lisifichwe. Lakini mtu mmoja mwenye shamba hawezi kuinua pwani nzima.

Mlolongo wenyewe ni huu. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ili isimamie utawala na ushuru wa forodha. Watu wa pwani hawakuulizwa. Agosti ule ule mwaka, maofisa wa kampuni wakaingia mijini kushika madaraka. Pangani alikuja Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe, akawadharau wakubwa wa mji na liwali, yaani mtawala aliyewekwa na Sultani. Kampuni ikataka ushuru, ikataka mashamba yaandikishwe kwa hati, na asiye na hati aonekane hana mali. Vitabu vya shule vinataja pia kuingia msikitini na mbwa. Kwa jumbe wa mji, kwa mwenye jahazi, kwa mpagazi, kwa mkulima, hapo kila mmoja ana lake la kukasirikia. Ndiyo maana moto uliwaka Pangani ukaenea mwambao wote ndani ya wiki chache, na ikafika mahali kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Upande wa Saadani aliyeongoza alikuwa Bwana Heri, akiwa na Wazigua. Hapo hoja ya "Waarabu tu" inaanguka yenyewe.

Kwa nini ulishindwa? Kampuni ilipoelemewa, serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann mwaka 1889 akiwa na askari wa kukodi, wengi Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji, pamoja na bunduki na mizinga ya kisasa. Baharini, meli za Wajerumani na Waingereza zilikuwa zimeshafunga pwani tangu mwishoni mwa 1888, silaha haziingii. Mei 1889 Wissmann alivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Miji ikarudishwa mmoja mmoja, wenye mali wakaanza kutafuta amani, viongozi wakawa kila mtu na vita vyake. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea mpaka 1890 ndipo akasalimu amri.

Kwa vile babu upo Pangani, mwongezee mjukuu na hili, litamkaa kichwani. Yule Zelewski wa Pangani ndiye Wahehe walimwita Nyundo, na ndiye aliyeuawa na majeshi ya Mkwawa, mtawala wao, kule Lugalo, Agosti 1891. Wanafunzi wanasoma Abushiri ukurasa mmoja na Mkwawa ukurasa mwingine kana kwamba ni nchi mbili. Ofisa ni yule yule, na ni miaka mitatu tu imepita.

BabuPangani

Marahaba mwanangu. Allah akuzidishie. Hilo la Nyundo sikulijua. Nitampeleka mjukuu ufukweni nimsimulie huku anaandika.

Mkweli255

Nimesoma yote. Narudi na maswali ya haraka ya mdogo wake, darasa la nne na la tano, naomba majibu mafupi:

1. Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?
2. Nani anamchagua Mkuu wa Wilaya?
3. Biashara ya utumwa ilikomeshwa mwaka gani?

MwalimuDunda

La kwanza lina mtego kidogo. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilikuwa na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na Muungano ni 26 Aprili 1964. Kama swali limeandikwa "Tanzania", aandike "Tanganyika ilipata uhuru 1961" na alama yake ataipata.

La pili: hachaguliwi, anateuliwa na Rais. Hapa watoto wanachanganya kwa sababu wanaona watu wazima wakipiga kura wanadhani kila kiongozi amepigiwa. Mwenyekiti wa kitongoji, wa kijiji au wa mtaa anachaguliwa na wananchi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wa karibuni ulikuwa Novemba 2024. Diwani anachaguliwa kwenye uchaguzi mkuu. Mtendaji wa kijiji na wa kata ni waajiriwa. Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa ni wateule wa Rais.

La tatu siwezi kulijibu kwa mwaka mmoja, na mwalimu aliyelitunga bila shaka anataka 1873. Mwaka huo, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Biashara ya bahari ndiyo ilipigwa marufuku, utumwa wenyewe ukaendelea. Wajerumani waliojitapa kwamba wamekuja kuukomesha hawakuufuta kisheria muda wote waliotawala. Uliondolewa na sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mtoto wa darasa la tano aandike 1873, lakini wewe baba ujue, ili siku akiuliza "mbona baadaye watumwa bado wapo?" uwe na la kumwambia.

MamaWawili

Mwalimu, kuna programu ya akili mnemba kwenye simu ya mjomba wao, ukiiuliza inaandika kila kitu kwa Kiswahili kizuri. Niwaruhusu watoto?

MwalimuDunda

Kuuliza waulize, kunakili hapana. Kila mwaka na kila jina inalotoa, mtoto alitafute kwenye kitabu cha kiada kabla hajaliandika. Kiswahili kizuri siyo ushahidi. Na kwa swali linalohusu mtaa wenu, simu isiwe ya kwanza kuulizwa wakati magofu ya Kaole yapo mwendo wa bodaboda.

KijanaWaKaole

Mwalimu, hapo hapo kwenye Kaole. Tumepewa kazi ya mradi: "Tembelea eneo moja la kihistoria karibu na unapoishi, kisha fanya mahojiano na mzee mmoja." Mimi magofu nayaona tangu utotoni, sijui niandike nini.

MwalimuDunda

Kuyaona tangu utotoni ndiko kunakokuponza, mwanangu. Safari hii nenda na daftari na futi ya kupimia.

Anza msikitini. Tafuta kibla, ujue kuta zimeelekea wapi. Gusa ukuta: ni matumbawe na chokaa, vyote vimetoka baharini hapo chini. Kisha nenda makaburini, kwenye yale yenye nguzo. Simama karibu na nguzo uangalie juu, utaona vishimo vya mviringo. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Chora nguzo moja pamoja na vishimo vyake, pima urefu wake, uandike. Mchoro wako una thamani kuliko kurasa mbili za kunakili, kwa sababu unajibu swali kubwa: watu wa hapa walifanya biashara na nani kabla ya Mreno yeyote kufika? Msikiti ule unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Weka tarehe hizo mbili pamoja kwenye sentensi moja, na mtu atakayeandika kwamba historia ya pwani ilianza na Wazungu umeshamjibu.

Kwa mahojiano, usiende na swali la "nieleze historia ya Kaole". Mzee atakupa kile alichozoea kuwapa wageni. Muulize vitu alivyoviona kwa macho yake: maji walichota wapi alipokuwa mdogo, majahazi yalileta nini, nani aliyekuwa fundi wa kuyaunda, shule ya kwanza aliyosoma ilikuwa ya nani, siku ya uhuru alikuwa wapi. Salimia, kaa, usianze kuandika kabla hajakubali. Akitaja mwaka, andika, halafu muulize lilikuwa kabla au baada ya jambo gani kubwa, ndipo utaweza kuupima mwaka huo. Akisimulia jambo alilosimuliwa na baba yake, andika "alisimuliwa", usiandike "aliona".

Na kabla hujaondoka muulize ni nani mwingine mtaani anayelikumbuka jambo hilo hilo, uende na kwake. Wakitofautiana, andika maelezo yote mawili kama walivyoyasema.